Pau kwa Wenye Njaa

Daftari lenyewe lilikuwa la kurasa mia mbili, jalada gumu la bluu, na juu yake liliandikwa neno moja kwa wino mzito: DUNIA. Chini ya neno hilo kulikuwa na jina la msichana mwenyewe, majina yote matatu, ingawa pale shuleni hakuna aliyemwita hata kwa moja. Walimwita Redio. Tangu kidato cha kwanza alikuwa hivyo hivyo: wenzake wakisimuliana nani kamtumia nani salamu, yeye anauliza kama wamesikia kwamba bunge la nchi fulani limevunjwa. Sasa yuko kidato cha mwisho, mtihani umebaki miezi minne, na jina limemganda.

"Redio, jizime kidogo," jirani yake wa dawati alikuwa akimwambia katikati ya kipindi cha hesabu. Huyo walimwita Kifutio, kwa sababu hajawahi kuwa nacho. "Mimi hapa namtafuta x sijampata, wewe unaniletea wakimbizi."

Habari za dunia zilisomwa redioni saa moja jioni. Saa hiyo Redio alikuwa ameshaosha vyombo, ameshafua soksi, na amekaa mkekani na bibi yake wakicheza karata, huku mama yake akikanyaga cherehani chumba cha pili. Macho ya bibi yalikuwa yamefifia. Kila karata aliisogeza karibu na pua kama anayeinusa, kisha akaitupa chini kwa kishindo na kumfunga mjukuu wake bila huruma.

Taabu ilikuwa moja. Msomaji wa habari alikuwa na haraka kama anayefukuzwa, na mtu hawezi kuandika kila kitu huku ameshika karata tano mkononi. Ndipo bibi akatoa njia.

"Hao waliovuka mpaka, mke mwenzangu, si watu? Wana mioyo. Andika kopa, yaishe."

Yakaisha kweli. Kopa zikawa watu. Uru zikawa madini, mafuta na kila kinachochimbwa. Shupaza, kwa ile ncha yake kama ya mkuki, zikawa silaha. Na pau, ambayo ukiitazama ni kama jani la mmea, ikawa chakula. Vijana wengi siku hizi huziita karata hizo moyo, almasi, jani, majina ya kubahatisha tu, lakini bibi hakutaka kuyasikia. Kwake kulikuwa na kopa, uru, shupaza na pau, na asiyezijua aende akacheze rede na watoto.

Redio alizichora zote nne upande wa ndani wa jalada, na mbele ya kila mchoro akaandika maana yake, asije akasahau. Kisha akaandika miaka mitatu mfululizo. Kila habari na tarehe yake, na chini ya habari swali lake mwenyewe, kwa kalamu nyekundu. Kwa nini nchi mia moja zikisema ndiyo, moja ikasema hapana, mia moja ndizo zinazonyamaza?

"Ana turufu huyo," bibi alimjibu siku aliposomewa swali hilo.

"Nani aliyemgawia, bibi?"

"Hapo ndipo pa kuuliza. Muulize aliyezichanganya karata."

Redio aliliandika na hilo.

Mwalimu wa uraia alikuwa mtu wa shati lililonyooka na kalamu tatu mfukoni, na hakuna sentensi aliyoimaliza bila kusema "kimsingi", kwa hiyo wanafunzi walimwita Kimsingi na yeye mwenyewe alijua. Karata alizichukia. Mwaka mmoja aliwakamata wavulana wa kidato cha pili nazo nyuma ya maktaba, akazichana moja baada ya nyingine mbele ya paredi, na kutangaza kwamba tangu azaliwe mkono wake haujawahi kushika uchafu ule.

Siku Redio alipobishana naye darasani juu ya vikwazo vya kiuchumi, na kufungua daftari kumwonyesha tarehe, macho ya mwalimu yalibaki kwenye daftari.

"Hebu niazime hiki kitu," alisema. "Kimsingi nataka nikisome kwa utulivu. Siku ya wazazi tunahitaji mtu wa kuzungumzia dunia. Utasimama wewe. Dakika kumi na tano."

Redio alifika nyumbani hajui kama alitembea au aliruka. Kwa wiki tatu alijizoeza mbele ya kioo cha kabati la mama yake, mikono nyuma, kidevu juu. Mama alimshonea sketi mpya, ya siku hiyo na ya kwenda nayo chuo cha uandishi wa habari alichokitamani. Bibi alikaa kitandani akiwa ndiye wazazi, afisa elimu na wageni waalikwa wote kwa pamoja, akimkatiza kila mara: "Sauti, mke mwenzangu. Nyuma huku hatusikii, na wewe mwenyewe una jambo la kusema."

Wiki ya nne tangazo likabandikwa kwenye ubao karibu na ofisi. Siku ya wazazi kungekuwa na mhadhara: Dunia Inakwenda Wapi? Matokeo ya utafiti wa miaka mitatu. Mtoa mada, mwalimu wa uraia.

Redio alilisoma mara mbili, akatafuta jina lake kwenye orodha ya chini. Alilipata. Alipangwa kugawa maji ya kunywa.

Siku ile ile, kabla ya kengele ya mwisho, mwalimu alimwita mlangoni mwa stoo ya chaki. Mkononi alikuwa na kurasa mia mbili zilizoshonwa, hazina jalada. Gamba la karatasi ya kaki lilikuwa limegundishwa mahali pake, na juu ya kaki kulikuwa na jina la mwalimu, mwandiko wa kupinda wenye mikia.

"Jalada liko wapi, mwalimu?"

"Lilikuwa limechakaa." Hakumtazama. "Kimsingi kilichomo ndicho cha maana. Wewe bado mdogo, ukumbi mzima wa watu wazima utakutisha. Mimi nitalifikisha jambo, na wewe utajua moyoni kwamba ulichangia. Sasa, kuna mahali mwandiko wako unanisumbua. 'Kopa milioni mbili zimevuka mpaka kwa miguu.' Ulikusudia mikopo, sivyo?"

Jibu la kweli lilikuwa tayari limefika kwenye ulimi wa Redio. Alikuwa mtoto aliyefunzwa adabu, na mwalimu akiuliza hujibiwa. Lakini macho yake yalikuwa kwenye ile kaki. Akaona kingo zilizochanika pale jalada lilipong'olewa, nyuzi mbili nyeupe zikining'inia, na jibu likarudi lilikotoka.

"Mikopo, mwalimu."

"Kwa miguu?"

"Ni tamathali ya usemi."

"Nilijua. Nilikuwa nakupima." Akafunua ukurasa. "Na hapa, 'meli mbili zimeshusha shupaza kimyakimya.' Hii ni ile ya kushupaza shingo. Ukaidi."

"Kama ulivyosema, mwalimu. Tamathali."

"Zimeshusha ukaidi. Nzuri hiyo." Akaandika pembeni. "Na pau? 'Wenye njaa wamepelekewa pau tani elfu kumi.' Pau hizi hizi?" Akaelekeza kalamu juu, kwenye paa la stoo.

Redio alitazama juu naye, kwa heshima zote, kwenye zile mbao zilizobeba mabati.

"Hizo hizo, mwalimu. Nyumba zao zilibomolewa."

"Inaeleweka. Uru nimelifuta, sijaliona kwenye kamusi yangu. Haya, nenda. Na siku hiyo maji yawe ya baridi."

Kifutio alisimuliwa yote njiani kurudi nyumbani, akasimama katikati ya njia na begi lake kichwani.

"Ataaibika yule."

"Ndiyo."

"Mbele ya afisa elimu. Wanasema wanataka kumpa umakamu wa mwalimu mkuu."

"Nimesikia."

"Bado kuna siku tisa, Redio. Unaweza kumwambia."

"Ninaweza," Redio alisema, wakaendelea kutembea.

Siku tisa alikitunza kisasi chake mdomoni kama pipi, akikigeuza taratibu, upande huu, upande ule, asije akakimaliza kabla ya siku. Alifanya zoezi la fizikia. Alipiga deki zamu yake. Alimsalimia mwalimu wa uraia kila asubuhi, shikamoo iliyokamilika, na kila akiitikiwa aliihisi pipi ikitoa utamu. Mara moja tu, siku ya sita, mwalimu alimpa peremende mbele ya darasa na kusema ni msaidizi wake mzuri, na Redio akayumba kidogo. Jioni alifungua kabati la mama yake, akajiona kwenye kile kioo alichokuwa akijizoezea, na hakuyumba tena.

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa hadi madirishani. Mbele walikaa afisa elimu na mwalimu mkuu, mama mmoja mrefu wa miwani ya mnyororo. Redio alisimama pembeni na trei ya bilauri, maji yakiwa ya baridi kama alivyoagizwa.

Mwalimu wa uraia alianza vizuri. Sauti alikuwa nayo. Alisema dunia imekuwa kijiji, wazazi wakatikisa vichwa. Kisha akafunua kurasa.

"Kimsingi, ndugu wazazi, kulipozuka vita mikopo milioni mbili ilivuka mpaka kwa miguu."

Mtu mmoja alikohoa. Mwingine akamwinamia jirani yake kuuliza amesemaje.

"Wakati huo huo, meli mbili zilishusha ukaidi bandarini, kimyakimya. Na je, wenye njaa walipata nini? Wenye njaa, waliokuwa hawajala siku tisa, hatimaye, kimsingi, walipelekewa pau. Tani elfu kumi. Na nasikitika kuwaambia kwamba pau hizo zilikaa bandarini miezi miwili, zikaoza, zikaliwa na panya, na watoto wakafa huku wakizisubiri."

Kisha kutoka safu za katikati akasimama baba yake Kifutio, seremala, mtu wa mabega mapana mwenye penseli nyuma ya sikio hata siku ya wazazi.

"Samahani, mwalimu, mimi pau nimezipigilia miaka thelathini," alisema. "Tani elfu kumi unaezeka mji. Sasa hao wenye njaa walizifanyaje? Walizichemsha?"

Ukumbi ukapasuka. Walicheka wazazi, wakacheka wanafunzi, akacheka hata mpishi wa shule aliyekuwa amesimama mlangoni. Mwalimu aliinua mkono, akasema ni lugha ya picha, wakazidi kucheka. Afisa elimu peke yake hakucheka. Alingoja watulie, akauliza: "Mwalimu, utafiti huu umeufanya wewe mwenyewe?"

"Mwenyewe, mheshimiwa. Miaka mitatu."

Redio akaweka trei chini.

"Naomba kuuliza swali," alisema, na sauti yake ilifika nyuma bila taabu, maana ilikuwa na wiki tatu za mazoezi. "Mwalimu ametutajia mikopo, ukaidi na pau, lakini kwenye kurasa hizo imeandikwa kopa, shupaza na pau. Kuna neno la nne, amelifuta. Uru. Naomba atueleze uru ni nini."

Mwalimu alifungua mdomo. Alikwishamwona, na alikwishaelewa kwamba kuna shimo mahali fulani, ila hakujua liko upande gani, kwa hiyo hakuthubutu kusogeza mguu.

"Kopa, uru, shupaza, pau," seremala alisema polepole, akihesabu kwa vidole, na uso wake ukafunguka. "Jamani, hizo si karata hizo?"

Safari hii hawakucheka mara moja. Kicheko kilitembea safu kwa safu, kila mmoja akimweleza mwenzake, mpaka kilipowafikia wale wavulana wa kidato cha pili wa mwaka ule, ambao sasa walikuwa vidato vya juu. Hao walipiga meza.

"Kopa ni watu," Redio alisema juu ya kelele. "Watu milioni mbili walivuka mpaka kwa miguu. Shupaza ni silaha. Pau ni chakula. Nimeandika mimi, kila siku saa moja jioni, na maana yake yote niliiandika ndani ya jalada, nyuma ya jina langu. Mwalimu alilichana jalada ili kuondoa jina. Akaondoa na maana."

Afisa elimu akafunga faili lake, akaomba maji. Redio akampelekea.

Bibi alipata habari kabla mjukuu hajafika nyumbani. Alikuwa kitandani, karata zimefungwa kwa mpira.

"Nasikia walicheka."

"Walicheka, bibi. Ungekuwepo. Alisimama pale kama kuku aliyenyeshewa."

"Walicheka nini?"

"Pau. Seremala aliuliza kama walizichemsha."

Chumba cha pili cherehani ikasimama, kwa maana mama alikuwa akisikiliza.

"Basi waliwacheka watoto waliokufa wakisubiri chakula," bibi alisema. "Wewe uliandika habari ile ukilia. Nilikuwepo. Yule mwalimu mpige, sina neno naye. Lakini ulimpiga kwa fimbo isiyokuwa yako, mke mwenzangu."

Redio alichukua karatasi, akaiandika upya habari ile ya tani elfu kumi, safari hii bila kopa wala pau, kila neno kwa jina lake, watu wakiitwa watu na unga ukiitwa unga. Kesho yake aliibandika kwenye ubao wa matangazo pale pale mhadhara ulipokuwa umebandikwa, na chini yake akaandika kwamba ukumbi haukutakiwa kucheka, na kwamba aliyeusababisha kucheka ni yeye na anajuta. Aliweka majina yake yote matatu.

Ilikaa kwa muda wa saa mbili, ikabanduliwa, na saa nne asubuhi mama yake akaitwa shuleni.

Ofisi ya mwalimu mkuu ilikuwa na viti vinne na watu wanne. Mama alikaa ukingoni mwa kiti, nyuzi za kushonea zimemng'ang'ania kwenye gauni. Mwalimu wa uraia alikaa karibu na dirisha, na mfukoni leo alikuwa na kalamu moja.

"Habari ya daftari," mwalimu mkuu alianza, "mwalimu atajibu kwa taratibu zake. Umakamu haupo tena. Hayo si ya kujadili mbele ya mwanafunzi. Nililokuitia wewe ni jingine. Alikuuliza maana, ana kwa ana, ukamdanganya. Kweli au si kweli?"

"Kweli, mwalimu."

"Ulijua atakwenda kusema mbele ya wageni."

"Nilijua."

"Si nilisema," mwalimu wa uraia aliingilia, sauti ikiwa chini. "Kimsingi huyu si mtoto wa kawaida. Alinitazama machoni."

"Jalada ulilipeleka wapi, mwalimu?" Redio aliuliza.

Mwalimu mkuu alitaka kumkatiza, lakini yule mtu wa dirishani alikuwa ameshaanza kujibu, kwa uchovu, kama anayesema jambo dogo. "Nililitupa. Ndani limechorwa mioyo mioyo, nikajua ni mambo yenu ya wasichana."

Mama aligeuka akamtazama mtu huyo kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Sikiliza, binti," mwalimu mkuu alisema. Hakuwa mkali, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Alivuta karatasi yenye nembo ya shule, akaiweka katikati ya meza. Ilikuwa barua ya tabia njema, imeshachapwa, imebaki kutiwa sahihi. Bila barua hiyo chuo cha uandishi wa habari hakifungui hata bahasha ya mwombaji, na mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Ijumaa. "Una alama, una akili, na kule kwenye ubao umeonyesha unaweza kujuta. Jumatatu utasimama mbele ya paredi umwombe radhi mwalimu wako kwa kumdanganya. Sentensi moja. Nami natia sahihi leo hii, mama yako akiona. Ukikataa, siwezi kuandika kwamba mtoto aliyemwaibisha mwalimu kwa makusudi ana tabia njema. Mwaka ujao uombe tena kwa njia nyingine, ukiipata."

"Neno moja tu, mwanangu," mama alinong'ona. "Samahani. Nimekushonea sketi kwa ajili ya chuo, si kwa ajili ya huku."

Redio aliitazama barua. Alikitaka chuo kile kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na jina lake lilikuwa pale juu, limechapwa vizuri, majina yote matatu, hakuna aliyelichana. Akasimama, kwa sababu jambo hili hakutaka kulisema amekaa.

"Mama, wewe nitakuomba radhi nyumbani, kwa sketi na kwa kukusumbua," alisema. "Wale waliokufa wakisubiri chakula nimeshawaomba, mmeibandua. Mwalimu huyu aliiba miaka yangu mitatu, akanipa trei ya maji, na ningeulizwa tena pale mlangoni mwa stoo ningemjibu vile vile."

"Fikiri kabla hujatoka," mwalimu mkuu alisema. "Jumatatu haiko mbali."

"Nimefikiri siku tisa, mwalimu. Simwombi radhi. Jumatatu msiniite mbele, maana nitasimama pale na nitasema hivi hivi: simwombi."